Foronya tisa zilizotangulia Kasindi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kasoki Fortunée anainua kifuniko cha pasi yake ya mkaa, anapuliza mara mbili, kisha anachovya kidole kwenye kikombe cha maji na kudondosha tone moja juu ya chuma. Tone linaruka na kutoweka. Anatikisa kichwa: bado ni moto mno. Anasubiri.

Yuko kwenye baraza la nyuma la nyumba ya wageni katika komuni ya Kabondo, Kisangani, ambako amefua na kupiga pasi kwa miaka kumi na minne. Mbele yake kuna shuka kumi na nane. Ni za mwisho. Kesho asubuhi anaondoka kwenda Mombasa, kufanya kazi ya pasi katika meli inayozungusha watalii baharini.

Kasoki ana miaka thelathini na sita na hajawahi kuiona bahari. Kazi ilimfikia kupitia binamu yake Précieuse, anayesafisha vyumba katika meli hiyo. Précieuse alimwonyesha msimamizi picha ya shuka zilizopangwa kabatini, zimelingana kama matofali. Msimamizi aliuliza ni mashine ya aina gani. Alipoambiwa ni mwanamke na mkaa, aliomba jina lake.

Hapa analipwa dola themanini na tano kwa mwezi, na miezi mingine hungoja. Kule ameahidiwa dola mia tano na ishirini kwa mwezi, kwa mkataba wa miezi minane.

Tatizo ni kufika. Meli hutia nanga Mombasa siku mbili, kisha huondoka, na haimsubiri mpiga pasi. Zaidi ya hayo, barua ya kuitwa kazini hutoka siku kumi na mbili tu kabla ya safari. Ndani ya siku hizo mtu wa Kisangani lazima avuke msitu wa Ituri, apite Beni, afike Kasindi mpakani, avuke daraja kuingia Uganda, kisha apande mabasi hadi pwani ya Kenya. Kutoka Kasindi hadi Mombasa ni siku tatu ukipumzika kidogo. Sehemu hiyo haimsumbui. Kinachomsumbua ni kutoka Kisangani hadi Kasindi.

Mwaka jana aliitwa mara ya kwanza, akakosa. Alisafiri kwa ndege hadi Beni, baada ya kusubiri wiki nzima mvua na shehena vimwachie nafasi. Alifika Kasindi amechelewa lakini bado ana matumaini, kwa sababu saa yake ya mkononi ilimwonyesha kwamba basi la Kampala lingeondoka baada ya dakika arobaini. Akanunua ndizi za kuchoma. Akavuka daraja polepole. Upande wa pili alikuta basi limeshaondoka, kwa kuwa Uganda saa iko mbele kwa saa moja na yeye hakuwa amelikumbuka hilo hata mara moja.

"Saa yangu haikudanganya," anasema. "Ilikuwa inasema ukweli wa Kisangani. Miye ndiye nilikuwa mahali pengine."

Alifika Mombasa asubuhi, meli ikiwa imeondoka usiku. Msimamizi alikubali kumwita mara moja zaidi, akaongeza kwamba haitakuwapo ya tatu.

Mtu mwingine angerudi nyumbani na kuanza kuulizia. Kasoki naye aliulizia, lakini kila aliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Wenye ndege walisifu ndege. Wenye basi walisifu basi. Kwa hiyo alifanya kama ndugu zake wafanyabiashara wa Butembo wanavyofanya kabla ya kumwamini msafirishaji mpya: alitanguliza mzigo mdogo.

Alichagua foronya tatu nyeupe. Akazitia wanga, akazipiga pasi, akazikunja mara nne na kuzishona ukingoni kwa uzi mwekundu ili zisifunguliwe njiani. Siku moja akazituma zote tatu: moja kwa ndege, moja kwa basi, moja kwa pikipiki. Mpokeaji alikuwa mjomba wake Nzanzu, muuza vocha wa Kasindi, ambaye alitakiwa kuandika siku na saa, kisha kueleza hali ya kitambaa.

Akarudia zoezi hilo wakati wa mvua. Akarudia tena mvua zilipopungua. Jumla, foronya tisa.

Mtaani walimcheka. Glodi, dereva wa pikipiki aliyebeba tatu kati ya hizo, alimwuliza mbele ya watu kama mito ya Kabondo imepata ndoa Kasindi. Siku nyingine alimshauri apande mashua bandarini, ateremke na mto kupitia Yanonge, Barumbu na kuendelea, kwa kuwa hata mto unaenda baharini. Kasoki alimjibu kwamba mto unaenda bahari nyingine, na kwamba hauna mkataba.

Matokeo ameyaandika katika daftari la shule. Ndege mara ya kwanza ilifikisha foronya kwa siku mbili, safi kama ilivyotoka kwake. Mara ya pili siku nne. Mara ya tatu siku kumi na moja, kwa sababu kifurushi kilishushwa mara mbili kupisha mizigo mizito. Basi lilitumia siku sita, saba na tisa. Ile ya siku tisa ilifika na madoa ya ukungu, na Nzanzu alisema wanga ulikuwa umelainika. Kasoki akaelewa kwamba ililowa, ikakaukia chini ya mizigo. Basi lilikuwa limekwama topeni.

Pikipiki ilitumia siku tano, nne na tano. Foronya zote tatu zilifika nyekundu kwa vumbi, zimekunjamana, moja ikinuka samaki wa moshi.

"Ndege ilishinda mara moja," anasema huku akipitisha kidole kwenye mstari. "Lakini ilinishangaza mara moja pia. Pikipiki haijanishangaza hata siku moja."

Mumewe Lambert, mwalimu wa shule ya msingi, hakukubaliana naye. Anasimulia ubishi wao kwa utulivu, akiwa ameketi kando ya mkewe. Alimkumbusha kwamba sehemu za barabara hiyo si salama, na kwamba kabla ya Beni wasafiri wakati mwingine husubiri msafara wa askari. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo hawajalimaliza.

"Foronya haina mugongo," alimwambia. "Weye uko na mugongo."

Kasoki alikaa nalo siku mbili. Hakulipuuza. Alimuuliza Glodi wanalala wapi, nani hutangulia, wanafanya nini wakisikia habari mbaya mbele. Akajua kwamba hawaendeshi jua likishazama, na kwamba husafiri pikipiki sita pamoja. Zile siku tano zimehesabiwa pamoja na kusubiri askari. Ndipo akamjibu mumewe, akimwita kwa jina la binti yao.

"Bon, Papa Joëlle. Nguo yenye kukunjamana, nitaipiga pasi. Nguo yenye haijafika, nitapiga pasi nini?"

Lambert anasema bado ana wasiwasi. Hata hivyo, yeye ndiye aliyemnunulia mkanda mpana wa kufunga kiunoni.

Je, majaribio matatu yanatosha kuamua jambo kubwa hivi? Kasoki mwenyewe anasema hajui. Anasema alikuwa na foronya tisa tu.

Akimaliza mkataba, anataka kufungua chumba cha dobi hapahapa Kabondo, chenye pasi ya umeme na ya mkaa pia, kwa siku ambazo umeme unakatika. Amekwisha kuchagua ukuta wa kutundika saa mbili, moja ya Kisangani na moja ya Mombasa.

Shuka ya kumi na nane imekunjwa. Kasoki anatoa foronya nyeupe chini ya kikapu, anajaribu tena tone la maji, safari hii linachemka taratibu, naye anapiga pasi. Anaikunja mara nne, anashona ukingo kwa uzi mwekundu, anaijaribu ndani ya koti atakalovaa kesho. Ni ya kumi. Hii ataibeba mwenyewe.

Anampigia simu Nzanzu na kuweka sauti ya spika ili Lambert asikie.

"Tonton, naondoka kesho na Glodi. Utaandika siku na saa yenye nitafika, sawa vile ulifanyaka kwa zingine. Na utaangalia kitambaa."

Nzanzu anacheka. Anauliza aandike kwa saa ya wapi.

"Ya ng'ambo ya daraja," Kasoki anasema, na mkono wake tayari unageuza mshale wa saa.