Mlango Ulioangalia Mlima

Likizo ya Agosti nilimsaidia tata, dadake mama, kubandika picha ya vigae kwenye ukuta wa hoteli moja mjini Embu. Mwenye hoteli, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, hakutaka twiga wala simba kama hoteli zingine. Alitaka bonde alikozaliwa, kule chini ya Gachoka, ambalo siku hizi limefunikwa na maji ya bwawa. Hakuwa na picha yake hata moja.

"Nataka kuliona kabla nisahau," alisema. Basi.

Niliipenda kazi hiyo kwa sababu unampa kila mtu mgongo. Tata alikata vigae kwa koleo, mimi nikapaka simiti na kubandika, tukianza na mlima ulio nyuma ya bonde. Wateja walitutania.

"Msichana, huo mlima wenu umeleta baridi. Niongezee chai!"

Nilibandika kigae kingine. Masikio yaliwaka moto.

Picha ilipofika kwenye nyumba ya kwao mwenye hoteli, nikauliza mlango uende wapi.

"Si ni hapo mbele tu," tata akasema. "Bila mlango watu watasema ni kichuguu."

Tata amekulia Dallas, mtaa wa hapa mjini, mahali nyumba zinaangalia barabara. Nikabandika mlango mweusi, mdogo kama kiganja.

Mwenye hoteli alipouona, aliweka birika chini.

"Hapo ni kwa nani?"

"Si ni kwenu, mama," tata akacheka.

"Kwetu mlango uliangalia mlima. Nyumba za wazee zote ziliangalia mlima. Hii imeupa kisogo. Hii ni ya mtu nisiyemjua."

"Lakini mama, mlima uko huko nyuma. Mlango ukigeuka hautaonekana."

"Ndiyo. Nilikuwa natoka mtoni na maji mgongoni, naona ukuta tu. Hivyo ndivyo nilikuwa nafika nyumbani."

Tuliung'oa ule mlango kwa patasi, nikaziba pengo kwa vigae vya kahawia. Tangu hapo sikupenda kubaki peke yangu na ile nyumba. Ilipokuwa na mlango ilikuwa tupu. Sasa haina mlango, na ina watu. Nilihisi wameketi upande ule, wanaangalia mlima, na mimi nawagongagonga mgongoni. Nikipangusa vumbi, nilipitisha kitambaa polepole nisiwashtue.

Siku ya kumaliza, saa ya chakula cha mchana, hoteli ikiwa imejaa, mwenye hoteli alikuja akasimama karibu sana na ukuta. Akaita neno moja kwa Kimbeere, si kwa nguvu, vile mtoto humwita mamake akiwa bado njiani. Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza. Mzee mmoja akaacha kutafuna. Tata akaangalia viatu vyake. Mimi pia nilisikiliza, sidanganyi, na mwili ukanisisimka.

Mama alinigeukia mimi, si tata.

"Ni hapo," akasema. "Ni hapo kabisa. Ni vile tu hawanisikii."