Mama Hodi
Siku hizi hakuna anayenong'ona “hodi” kabla ya kugusa programu ya ghala la data. Mama Hodi alinong'ona kila mara, vidole vikielea juu ya kibodi, na mwenzake wa meza ya pili alizoea kujibu “karibu” bila kuinua macho. “Vyumba vyote hivi vya data, kufuli moja?” alilalamika, maana kila ombi la mteja lilisubiri jingine litoke. “Huo si ulinzi jamani, ni foleni!” Akakipa kila chumba kufuli lake, na maombi ya wateja yakapita bila kusukumana. “Mama, umemaliza kazi,” akasema bosi, naye hakuwa akitania. Kesho yake kadi yake ilikataa kufungua mlango. Akapiga hodi. Mwenzake alimwona kupitia kioo, akagusa kadi yake mwenyewe mfukoni, akainamia kibodi. Sasa yuko dukani kwa dada yake, anauza misumari na makufuli.