Maswali ya Prof Sylvain

Kichwa changu bado kinakataa. Asubuhi nilishika simu kumpigia Sylvain, nimuulize mazishi ni saa ngapi. Mazishi yake mwenyewe.

Kwa ambao hamkumjua: Prof Sylvain alifundisha hesabu katika chuo kikuu chetu hapa Kolwezi. Presha ilimchukua Alhamisi, nyumbani kwake Kapata, katika nyumba ya kampuni ya migodi aliyoachiwa na baba yake.

Tulikaa ofisi moja miaka kumi na tano. Yeye ndiye aliyekuwa na akili. Mimi nilikuwa na ufunguo.

Aliandika ubaoni kwa herufi ndogo kama mchele, kuokoa chaki. Wanafunzi wa nyuma walikuwa wanamlilia: "Tata Prof, huku hatuone kitu!" Anajibu: "Mukuye mbele, huku hakuna anayeuma."

Kupika hakujua kabisa. Siku moja alinipikia bukari, ugali wetu wa hapa, nikamwambia ipelekwe kwa wachimbaji, labda ndani kuna kobalti. Alicheka, kisha akaniongezea sahani ya pili. Nililazimika kula.

Basi, hapa ndipo ninapotaka kufika. Jambo hili nimelibeba miaka saba.

Wakati ule chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kinafikiria kushirikiana nasi. Walimu wao wangekuja kwa zamu, na masters ya hesabu ingefunguliwa hapa hapa. Bila hivyo watoto wetu wangehamia Lubumbashi kusoma, na wengi hawana ndugu kule wala nauli ya kufika.

Mratibu wa upande wetu alikuwa Sylvain. Profesa wao alikuja wiki mbili kufundisha na kupima kiwango cha wanafunzi. Ripoti yake ndiyo ingeamua.

Sasa mimi, mzee wa protokoli, siku moja kabla niliwakusanya wanafunzi nikawahubiria: "Mugeni akisema, mufunge kinywa. Musituletee haya."

Katika maisha yangu yote ya ualimu wanafunzi hawajawahi kunitii. Siku hiyo wakaamua kuanza.

Siku tatu mgeni alifundisha, akauliza kama kuna maswali, darasa likamtazama kama picha ya ukutani. Kwetu ni heshima, huwezi kumsimamisha mkubwa. Kwake ilikuwa dalili kwamba hakuna anayefuata.

Chakula cha mchana akatuambia taratibu kwamba kiwango bado, pengine tungoje miaka michache. Tulimweleza habari ya heshima. Alitabasamu jinsi mtu anavyotabasamu akisikia kisingizio.

Niliwarudia wanafunzi: "Muulize sasa!" Wakaniangalia tu. Waliamini ninawatega.

Siku ya nne Sylvain aliingia na daftari, akaketi benchi la mbele katikati ya wanafunzi. Suti, tai, kila kitu. Mgeni akaandika mistari minne. Sylvain akainua mkono. (Masomo ni kwa Kifaransa, lakini mimi nakumbuka kwa Kiswahili chetu.)

"Professeur, mi sijaelewa. Pale unagawanya na ile namba. Na kama iko zero?"

Darasa likaganda. Mwalimu wao wenyewe, kusema hajaelewa! Tena swali la mwaka wa kwanza!

Mgeni hajafungua mdomo, binti mmoja wa Kasulo, Nadège, akashindwa kuvumilia: "Lakini Tata Prof, haiwezi kuwa zero! Mustari ya kwanza amesema ni kubwa kupita moja!"

"Aa. Na ule mustari wa tatu?"

Nadège akajibu. Mwenzake wa nyuma akampinga. Wa tatu akawaambia wote wawili wamekosea, akaenda ubaoni bila kuomba ruhusa. Mgeni akaketi. Kwa saa mbili nzima hakuna aliyekumbuka protokoli yangu.

Siku zilizobaki ilikuwa vile vile: Sylvain anauliza ujinga, wanafunzi wanamrekebisha mpaka wanamhurumia.

Ripoti ikaja. Wanafunzi hodari, masters ifunguliwe. Na sentensi moja chini: mratibu wa hapa hana msingi wa kutosha wa somo, ni heri abadilishwe.

Wakamweka nani? Mimi. Mimi ambaye jioni ya siku ile ya nne nilimwomba Sylvain anieleze mstari wa tatu.

Nilitaka kuandika kukanusha. Alinikataza: "Nyamaza, ndugu. Ukisema mi nilikuwa najifanya, batasema na batoto balikuwa banajifanya. Masters itakufa."

"Na jina yako?"

"Jina yangu haiendi ku masomo."

Nikanyamaza. Nitakuwa mkweli: haikuniuma sana. Uratibu una safari, na mimi napenda ndege.

Jana kwenye kilio, mwalimu mwenzetu alisema mbele ya watu: "Marehemu alikuwa muntu muzuri, lakini hesabu... hata bazungu baliona." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mjane wake alikuwa hatua tatu kutoka pale.

Nadège, ambaye siku hizi anafundisha somo lile lile, alinivuta pembeni. "Prof, sema kweli. Hakujua?"

Nikamwambia. "Njo maana," akasema. "Alikuwa anauliza pale tu, pale tulikuwa tunakwama."

Tulirudi pamoja, nikasimama, nikawaeleza watu wote, mjane kwanza. Leo nimeandika kwa wenzetu wa Ulaya, nimeomba barua iambatanishwe na ripoti ile. Wakitaka kunitoa uratibu, wana haki.

Sylvain, nimevunja agizo lako. Wale wanafunzi wamekwisha kumaliza, vyeti wanavyo, hakuna wa kuwanyang'anya. Kama umekasirika, nitakukuta huko uniseme vizuri.

Ulielewa kila mstari. Pumzika kwa amani, Profesa.