Cherehani Nukta Fundi

Kwenye ofisi ya kusajili majina ya mtandao, dirisha namba mbili, alikaa mama mmoja aliyeitwa Taratibu. Jina hilo alipewa na wateja, wala hawakumpa kwa mapenzi. Ukimletea fomu iliyojazwa kwa kalamu nyekundu, anairudisha. Ukisahau tarehe, anairudisha. Bwana mmoja aliandika jina lake la tatu nje ya kisanduku, akarudishwa mara mbili, na mara ya tatu akaja na mkewe amshikie rula. Kwa miaka kumi na tisa faili la Taratibu halikuingia kosa hata moja, na habari hiyo aliitangaza hata misibani.

Mwaka huo wakubwa wa makao makuu wakatangaza kwamba kutakuwa na anwani mpya za mtandao zinazoishia na "nukta fundi". Anayetaka jina alitakiwa kujiandikisha mapema, kabla mlango haujafunguliwa rasmi. Waraka wa kwanza haukuzunguka: anayewahi ndiye anayepata.

Sasa, mdogo wake Taratibu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, mtaa wa pili tu kutoka hapo. Alitaka neno moja, cherehani, na alikuwa na sababu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la cherehani mpya, na mwenye duka aliwaambia watu kwamba za zamani hazitengenezeki tena, ni vyuma chakavu. Huyo akilipata jina, kila anayetafuta fundi mtandaoni ataishia dukani kwake, na fundi wa watu atabaki kupiga soga na bisibisi zake. Basi siku ya kwanza akadamka, akawa wa kwanza kwenye foleni.

"Shikamoo, dada."

"Mwombaji, jina kamili," Taratibu akasema bila kuinua macho.

"Dada, acha vituko. Tumenyonya ziwa moja."

"Jina kamili. Kwa herufi kubwa."

Fomu ikapigwa mhuri, ikatupwa kwenye trei. Juu yake ikalala ya pili, ya tatu, mpaka ya arobaini na moja, ambayo ilikuwa ya yule mwenye duka, naye akitaka neno lilelile, aliyefika jasho likimtiririka dirisha likitaka kufungwa.

Hapo ndipo nyaraka zilipoanza kumwagika. Wa pili ulisema kuwahi si hoja, watangulie wenye nembo zilizosajiliwa. Taratibu hajamaliza kuubandika ukutani, wa tatu ukaja kuufuta: kuwahi kumerudi, ila foleni ni ile iliyomo kwenye kompyuta, yaani aliyeingizwa kwanza ndiye wa kwanza.

Taratibu alikuwa akinywa chai. Ikampalia. Kila jioni, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akichukua fomu ya juu, anaiingiza, kisha anachukua inayofuata, mpaka anafika chini ya trei. Hakuna aliyewahi kujali, kwa sababu mpangilio haukuwahi kuwa na maana. Sasa ulikuwa na maana, na mdogo wake alikuwa wa arobaini na moja.

Akaenda kwa bosi.

"Bosi, nimekosea."

"Nani kalalamika?"

"Hakuna."

"Basi hujakosea. Rudi dirishani."

Hakurudi. Alidai fomu ya kukiri kosa, akaijaza mwenyewe. Mwishoni palikuwa na swali: je, una undugu na mwombaji yeyote? Akaandika: ndiyo, mdogo wangu, tumbo moja.

Wakubwa wakaipanga upya orodha. Kisha, maana hawakujaliwa kukaa kimya, wakatoa waraka wa nne: ndugu wa mfanyakazi atahudumiwa baada ya watu wote. Mdogo wake akarudi mkiani, safari hii kihalali kabisa.

"Kisanduku kimoja tu, dada! Ungekiacha kitupu ungekufa?"

"Kiliuliza."

"Na mimi je? Mimi nikikuuliza nitakula nini, una kisanduku cha kunijibu?"

Taratibu akachukua mkoba wake. Alirudi kazini, akausoma waraka wa nne mara tano, kama asomavyo yeye, na nukta na mabano. Mfanyakazi, ulisema, ni yule aliyemo kwenye orodha ya watumishi siku mlango unapofunguliwa. Mlango ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Kustaafu kwake kulibakiza mwaka na nusu, na hotuba ya kuagwa alishaiandika, kurasa sita.

Ijumaa akaweka barua ya kustaafu mapema mezani kwa bosi.

"Hata sherehe hutaki?"

"Gonga mhuri, bosi. Tarehe iwe ya leo."

Jumatatu, saa mbili na dakika tatu asubuhi, jina likaenda kwa mdogo wake. Yule fundi akatimua mbio hadi dirisha namba mbili kuomba radhi na kujitapa, vyote kwa pamoja. Akamkuta mama asiyemjua.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Alistaafu Ijumaa. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Alimkuta nyumbani, sebuleni, kavaa sare ya kazi iliyopigwa pasi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Fundi akasimama mlangoni na mikono yake ya grisi. Alimpenda dada yake siku zote, ila siku hiyo upendo huo ulimuuma.

"Mjinga wewe," akasema, na machozi yakamtoka. "Mjinga kabisa. Ungeniambia, ningekukataza."

"Ndiyo maana sikukuambia," Taratibu akajibu. Kisha akashika mkoba wake kwa mikono miwili. "Mdogo wangu, saa hizi watu wa kawaida huwa wanafanya nini?"