Ruhusa ya Kukata Kwato

Mimi ni mtu wa haraka, na haraka hiyo imeshaniaibisha kazini mara nyingi. Aibu ya Mvumi ndiyo pekee ninayoikumbuka kwa kicheko.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuhudumia mifugo Kilosa, baada ya kufundishwa kukata kwato na fundi mmoja wa Mikumi. Familia ya wafugaji kijijini Mvumi iliniita: punda wao wa kubeba maji alikuwa anachechemea. Kwato zilikuwa zimerefuka zikapinda kwa mbele kama ndala zilizochakaa. Kabla hawajahamia huku, mawe ndiyo yaliyokuwa yanazisaga kwato, hawakuwahi kuzigusa. Huku bondeni udongo ni laini, haumsaidii punda.

Nilimwamkia mzee wa boma, nikamweleza, akakubali. Nikashika koleo la kukatia na tupa ya kusawazishia. Haikupita nusu saa, miguu ya mbele nimeimaliza, najiona bingwa.

Mara mkewe akarudi na mzigo wa kuni. Akautua, akatazama vipande vya kwato pale chini.

"Nani kakuruhusu?"

"Mzee."

"Mzee ana ng'ombe wake. Punda ni wangu. Ukimharibu, maji nitabeba mimi, siyo huyu mzee."

Mzee alikohoa, akageukia ng'ombe wake. Kwa watu wale punda ni mali ya mama wa nyumba, na mimi, mtaalamu mzima, sikuuliza. Niliona haya kweli.

"Nisamehe, mama," nilisema. "Bado miguu ya nyuma. Halafu leo apumzike, asibebeshwe kitu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniwekea madumu mawili miguuni.

"Basi maji ya leo utaleta wewe."

Nilikwenda mtoni mara tatu. Wanawake niliowakuta huko walinicheka bila kujificha, mmoja akaniuliza kama nami nina kwato. Nilinuna, halafu nikacheka nao, maana mikono iliniuma kiasi cha kumheshimu yule punda.

Niliporudi safari ya mwisho, mama alikuwa ameshauinua mguu mmoja wa nyuma, ananisubiri.

"Huu kata wewe, nione. Ule mwingine nakata mimi. Wewe ukienda zako, nani atamkatia?"

Nikakata taratibu, namwonyesha pa kuishia. Kisha akachukua tupa. Ukwato alioukata yeye ulitoka vizuri kuliko zangu zote tatu, na nilifurahi kukiri hivyo. Punda akakanyaga chini kwa mguu mzima, akalizunguka boma bila kuchechemea, na mwenye punda akamfuata nyuma mikono mitupu, anacheka.