Redio Iliyokataa Jua

Aibu ya siku ile bado inanichoma masikio. Nilikuwa mwalimu wa shule huko Muleba, kijana wa kalamu mbili mfukoni na maneno mengi mdomoni. Baba yangu na mimi tulikwenda Bakoba, kando ya ziwa, kumposa binti wa familia ya Kilutheri. Baba wa binti alishasema wazi kwamba hamtoi mtoto wake kwa mpiga domo.

Basi nikabeba ushahidi: redio niliyoiunga kwa mikono yangu, transista tatu juu ya ubao. Kuifunika nilikataa, watu waone kazi! Transista moja niliikwangua rangi yake nyeusi, kikabaki kioo kitupu, ili mkwe aone kilichomo ndani. Kwetu Kishanda, ndani ya msonge wetu wenye giza, iliimba vizuri kabisa.

Pale uani, juani, nikaiweka juu ya kigoda. Nikaeleza kwa madaha jinsi umeme mdogo unavyouamuru umeme mkubwa. Nikawasha. Kimya! Nikagusa nyaya, nikapuliza, nikatikisa. Wapi! Tata, baba yangu, akawa anatazama viatu vyake.

Ndipo binti akaja na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Akapiga magoti mbele yetu kusalimia, kivuli chake kikaangukia kigoda, redio ikasema. Akainuka, ikanyamaza. Akaitazama, akapiga magoti tena, ikasema. Wazee wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Inataka kivuli," binti akasema.

"Aa, ni unyevu wa ziwa tu," nikadakia. Jamani, unyevu! Leo najua kwamba ile rangi haikuwa pambo. Mwanga ukipenya hadi kwenye kile kipande cha madini ndani ya transista, unafungulia chembe za umeme zilizotulia, mkondo unapita bila kuamriwa na sauti inazama. Siku ile sikujua lolote, na kunyamaza nilishindwa.

Baba yake akamgeukia. "Umemwona. Unamtaka?"

Binti akaweka kikapu chini. "Namtaka. Ila kwanza aseme kwamba hajui."

Wote wakanikodolea macho. Tata, aliyenisifu njia nzima, akainamisha kichwa.

"Sijui," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie.