Mfungo wa Mvua na Matofali Yangu Mabichi

Mvua ilipochelewa na mahindi ya kijijini kwetu Ziba kuanza kujikunja, kanisani kwetu tulitangaziwa mfungo wa siku tatu. Tusile mpaka jioni, na saa tisa alasiri tukutane kuomba mvua. Niliitikia amina kwa nguvu, halafu nikakumbuka matofali.

Matofali ya nyumba yangu yote yalikuwa nje, mabichi, yakisubiri pumba za mpunga za kuyachomea. Mwenye mashine ya kukoboa kila nikimpigia simu alisema kesho. Nilikuwa nimeishi chumba cha kupanga miaka kumi na moja. Ingenyesha mvua moja ya maana, matofali yangerudi kuwa udongo.

Kando yangu kwenye benchi alikaa jirani yangu, mjane asiye na kingine ila shamba la mahindi. Siku ya kwanza nilimwombea kwa moyo, au nilidhani hivyo. Siku ya pili njaa ilinibana, nikajisikia nikimpangia Mungu ratiba: inyeshe shambani kwa mama huyu, ikifika kwenye kisima kilicho kati ya shamba lake na matofali yangu igeuke. Niliona aibu, lakini sikuacha. Mdomo ulisema shusha, kifua kilisema ngoja kwanza, na sikujua kati ya hivyo viwili kipi ni mimi.

"Dada, unaomba kwa machozi," jirani alinong'ona. "Wewe Mungu atakusikia."

Siku ya tatu, katikati ya maombi, wingu jeusi likasimama juu ya kanisa. Watu wakalia kwa furaha. Jirani akanishika mkono, nami nikauchomoa, nikatoka kwa mlango wa nyuma mbio mpaka nyumbani. Nikafunika matofali kwa turubai, lakini halikufika hata nusu. Nikasimama pale na njaa yangu ya siku tatu nikasema kwa sauti, "Bwana, si leo."

Yakadondoka matone machache. Kisha upepo ukalisukuma wingu kuelekea Igunga.

Pumba zikaja wiki iliyofuata, nikachoma tanuri. Mvua ilipofika, mahindi ya jirani yalikuwa yamekwisha kukauka, akapanda upya kwa mbegu za kuomba kwa watu. Mpaka leo sielewi. Kama Mungu alinisikia, naogopa. Kama wingu lilijiendea tu, mbona najiona mwenye hatia kana kwamba nililifukuza kwa mkono wangu? Nimefunga tena mara mbili kutafuta jibu, nikaambulia njaa.

Nilipohamia nyumba yangu mpya, jirani alikuja na kuku kunipongeza. Akasimama mlangoni akipapasa ukuta.

"Siku ile ulitoka ghafla kanisani," alisema. "Nikajua umezidiwa na maombi. Ulikuwa unaomba nini, dada?"

"Mvua," nikamwambia.

Akasema amina, akavua ndala zake, akaingia.